Komini ikinunua, tuone bei

Tangu sheria ya madini ilipogeuzwa mwaka 2018, ku kila franga 100 za redevansi ya madini, franga 15 zinaenda moja kwa moja ku komini, sekta ao usheferi yenye iko na mgodi. Shaba inalipiwa 3,5%, kobalti 10%. Si makuta kidogo. Yametoka mu jasho yetu, na tuko na haki ya kujua yananunua nini.

Kwetu walichimba foraji. Msimu mumoja tu, pompe ikafa. Kipande chake, soko nzima hakuna. Tukauliza: ilikuwa bei gani, nani alipewa marshe, garanti ya miezi ngapi? Karatasi iko mu ofisi, wanasema, lakini mwenye ufunguo ametoka. Ba mama wamerudilia kisima cha zamani.

Sheria ya marshe za serikali, ya tarehe 27 Aprili 2010, inasema mashindano ya wote njo kawaida. Kupatana na mutu mumoja pembeni ni pale tu inaporuhusu. Lakini tangazo la kubandika ku mlango wa ofisi, mwenye posti ya usiku atalisoma saa ngapi?

Tunataka manunuzi yapite ku intaneti. Rwanda (tunajua, jina hilo linauma siku hizi) ilieneza njia yake inayoitwa Umucyo, maana yake mwangaza, mu nchi nzima mwaka 2017. Matangazo, bei na kontra vinapita humo.

Lakini kompyuta haitengenezi pompe. Komini ikitazama bei ya chini tu, itanunua foraji mbovu kwa haraka zaidi. Ihesabu miaka: pompe itaishi muda gani, vipande vyake vinapatikana Kolwezi ao Likasi, nani atafundisha fundi wa mtaa? Mapupitre ya batoto vilevile, na mbao zake zimekatwa wapi, maana miombo yetu inaishia mu makala.

Na fundi wa mbao asiye na kompyuta asisahauliwe. Komini iweke mutu wa kumusaidia kutuma bei yake, bila malipo. Bila hiyo, marshe zote zitachukuliwa na wenye kukaa mbali, na wakiisha kulipwa hatuwaoni tena.

Burgumesta mwenye kuona kazi hii ni nzito aanze na foraji moja, ile iliyokufa. Kontra yake tuisome mu simu zetu.