Televisheni janja: Lango la nyumbani halitoshi bila sheria

Mwezi Desemba 2025, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas nchini Marekani, Ken Paxton, alizishtaki kampuni tano za televisheni, yaani Samsung, Sony, LG, Hisense na TCL. Alidai kuwa televisheni zao janja hukusanya kwa siri taarifa za kile ambacho watu hutazama majumbani mwao, na kwamba teknolojia iliyomo ina uwezo wa kunasa picha ya kioo kila nusu sekunde.

Madai ya aina hii si mapya. Mwaka 2017, kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya mamlaka za Marekani kuituhumu kukusanya taarifa za utazamaji kupitia televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Miaka saba baadaye, Walmart iliinunua Vizio kwa dola bilioni 2.3, ikieleza wazi kuwa inalenga kukuza biashara yake ya matangazo. Mnunuzi wa televisheni, kwa maneno mengine, naye amegeuka bidhaa.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya watumiaji wameamua kujilinda kupitia mfumo wa majina ya intaneti, DNS. Televisheni inapotaka kuleta tangazo, huuliza kwanza anwani ya seva inayolihifadhi. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha mpangilio wa ruta yake ili maswali hayo yajibiwe na huduma kama AdGuard DNS, au na programu ya Pi-hole iliyowekwa kwenye kompyuta ndogo. Jina la seva ya matangazo likiulizwa, anwani haitolewi, na tangazo halifiki. Badiliko moja huvihudumia vifaa vyote vya nyumbani, na kifurushi cha data hupata nafuu.

Hata hivyo, lango hilo lina mianya. Matangazo ya YouTube hutoka kwenye seva zilezile zinazoleta video, hivyo kuzuia moja ni kuzuia yote mawili. Vifaa vingine huja na DNS yao na kuipita ile ya ruta. Isitoshe, anayeendesha huduma ya DNS huona kila jina linaloulizwa. Anayemkimbia mpelelezi mmoja anapaswa kujua anamkabidhi nani ufunguo.

Hapa ndipo suala hili linapoigusa Afrika Mashariki, ambako televisheni za kampuni hizo zinauzwa madukani. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinaitambua ridhaa ya mhusika. Lakini je, mtu anayebonyeza "kubali" chini ya maandishi marefu, katika lugha asiyoimudu, ili tu picha ionekane, ameridhia kweli?

Swali hilo haliwezi kujibiwa na ruta. Mtumiaji anaweza kuanza kwa kuzima ufuatiliaji wa utazamaji kwenye mipangilio ya televisheni yenyewe, kisha akabadilisha DNS. Lakini haki ya faragha isiyopatikana ila kwa mwenye ujuzi wa kompyuta ni upendeleo, wala si haki. Wajibu wa kuifikisha katika kila sebule ni wa mamlaka zilizokabidhiwa sheria hizo.