Mtoto Mdogo Tumboni: Tusingoje Mizani ya Wodi

Mtoto akizaliwa na kilo mbili tu, wengi wetu husema, "Kwao ni wadogo wadogo," na maneno yakaishia hapo. Wakati mwingine ni kweli, kwani wapo watoto waliojaaliwa umbo dogo na afya njema. Lakini wapo wengine waliokuwa na njaa tumboni, na moyo wao ulihangaika majuma mengi kabla ya mizani ya wodi kutoa habari. Hoja yangu ni kwamba habari hiyo yaweza kupatikana mapema, hata kwa mama wa Bongwe, na kwamba ni wajibu wa Kaunti ya Kwale kuhakikisha anaipata.

Kwanza tuelewane. Mtoto tumboni hali kwa kinywa wala hapumui kwa mapafu. Chakula na oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma. Moyo wake mwenyewe husukuma damu kwenye mishipa miwili ya kitovu hadi kwenye kondo, na mshipa wa tatu huirudisha ikiwa imebeba riziki yake. Kondo likiwa zima, damu hupita bila taabu, hata katika ule muda mfupi moyo unapopumzika baina ya pigo na pigo. Kondo likiharibika, njia hubana na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Damu ya wakati wa mapumziko hupungua, kisha husimama, na hali ikizidi hurudi nyuma. Mwili wa mtoto hujihami kwa kupeleka damu zaidi kwenye ubongo na kuzipunguzia figo na matumbo. Mwishowe moyo huchoka, na mtoto aweza kufia tumboni.

Je, kondo huharibiwa na nini? Shinikizo la damu wakati wa ujauzito ni sababu kubwa duniani kote. Huku pwani tunaongeza malaria, ambayo hujificha ndani ya kondo hata mama asihisi homa. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima wajawazito wa majuma 32 hadi 35, ukaonyesha kwamba malaria iliambatana na hitilafu katika mtiririko wa damu inayolisha kondo. Kilifi na Kwale ni mwambao mmoja.

Wale wanaonusurika nao hawatoki bure. Mwaka 2010 watafiti wa Barcelona walieleza kwamba watoto wa miaka mitano waliodumaa tumboni walikuwa na mioyo yenye umbo la mviringo zaidi na isiyosukuma damu kwa ustadi kama ya wenzao.

Mtiririko huo wa damu hupimwa kwa Dopla, kipimo kilichopewa jina la Christian Doppler wa Austria, na hufanywa kwa mashine za ultrasaundi zenye uwezo huo. Hakina maumivu. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja yameonyesha kwamba kwa mimba zenye hatari, kipimo hiki hupunguza vifo vya watoto kwa kadiri ya asilimia 29. Dopla haiponyi kondo, wala hakuna dawa ya kuliponya. Inachofanya ni kumwonyesha daktari lini mtoto yu salama kubaki tumboni na lini ni heri atolewe.

Wapo watakaosema kaunti haina fedha za kumpima kila mama. Nakubali, wala haihitajiki. Kwa mimba zisizo na hatari, faida yake haijathibitika. Kinachohitajika ni kuwachuja wenye hatari, na chujio lenyewe ni futi ya kawaida kama ya fundi cherehani. Kuanzia majuma 24, urefu wa tumbo kwa sentimita hukaribiana na idadi ya majuma. Mama wa majuma 32 akipimwa 28, pana swali la kujibiwa.

Hapo ndipo penye kasoro ya kuzibwa. Barua ya zahanati isiyompeleka mama kwenye kipimo ni karatasi tu. Tangu mwaka 2013 huduma hizi ziko mikononi mwa kaunti. Basi iseme wazi ni siku gani Dopla inapatikana Msambweni, nani aliyefunzwa kuisoma, na mama asiye na nauli atafikaje. Mashine isiyo na msomaji ni pambo.

Nawe mama, anza kliniki mapema ili majuma yako yajulikane sawasawa, kwani bila hesabu hiyo futi haina maana. Lala ndani ya chandarua. Meza vidonge vya SP vya kuzuia malaria kila unapopewa kliniki. Uliza presha yako ni ngapi na tumbo lako limefika sentimita ngapi. Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na wenye kulipia picha ili kujua kama ni mvulana au msichana, ulizeni pia kama anakua ipasavyo.

Nanyi waume na mama wakwe, msimzuie kwa kusema kwenu ni wadogo wadogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa machozi.