Mlango wa Afya: Kifua Kikuu cha Mifupa na Viungo

Mwezi huu twataka kusema juu ya maradhi ambayo jina lake limewadanganya wengi. Kwa kuwa yaitwa kifua kikuu, watu hudhani kuwa hayatoki kifuani. Sivyo. Vijidudu vyake, alivyovigundua Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, huingia mwilini kwa pumzi, kisha huweza kuchukuliwa na damu mpaka mifupani, vikakaa kimya miezi au hata miaka. Hushika zaidi uti wa mgongo, kisha nyonga na goti.

Hapa kwetu Pemba kijana akilalamikia mgongo, twasema alianguka mkarafuuni au alibeba gunia zito. Mtoto akichechemea huchuliwa kwa mafuta, na asipopona husemwa ana pepo. Hatukatai kuwa mkarafuu huangusha watu. Lakini maumivu ya kuanguka hupungua siku hata siku, na haya huzidi. Basi tazameni: maumivu yanayoendelea kwa wiki nyingi, mgongo kukakamaa, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na uvimbe usio na moto. Uvimbe huo msiukande wala msiupasue. Maradhi yakiachwa, pingili za uti huliwa, mgongo ukafanya kibiongo, na miguu huweza kupooza.

Wako wanaopimwa makohozi, wakaambiwa hayana kitu, wakarejea nyumbani kwa furaha. Makohozi safi si ushahidi kuwa mfupa u salama. Mwelezeni daktari maumivu yalipo, apate kuamrisha picha, na pengine kupima kipande kidogo cha pale panapouma. Hospitali tunazo Chake Chake, Wete na Mkoani, na dawa za maradhi haya hutolewa bila ya malipo.

Dawa hizo hunywewa kila siku, kwa muda wa miezi 6 mpaka 12 kwa kadiri atakavyoona daktari. Mtihani uko hapa: maumivu yakitulia, mgonjwa huziacha, na maradhi hurudi kwa nguvu. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, msiogope. Ni rangi ya dawa. Macho yakiwa manjano, rejeeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kujitibu, dua na kisomo havigombani na dawa. Asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na mgonjwa asiyeweza kufunga Ramadhani ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Mwisho, msimtengee mgonjwa sahani. Mfupa hauambukizi, aambukizaye ni mwenye kifua kikuu cha mapafu akohoapo. Mtoto akionekana na maradhi haya, basi watu wote wa nyumba na wakapimwe, hata babu tumpendaye, kwani huenda yuko anayekohoa na hajijui.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.