Ushujaa Haufungi Mlango wa Nyumbani

Hoja inayorejea magazetini nchini Kenya kila Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, inapokaribia, kwamba aliyepigania uhuru asiulizwe alivyoishi na mkewe, haina budi kukataliwa, ingawa chimbuko lake linaeleweka, kwa kuwa wakoloni waligeuza kashfa kuwa silaha: kitabu cha mwaka 1958 cha Ian Henderson, afisa wa polisi wa kikoloni, kilimchora Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliodai ardhi na uhuru, aliyenyongwa katika gereza la Kamiti mwaka uliotangulia, kama katili tu, na dai la ardhi likafunikwa. Lakini kashfa ya adui si ushahidi wa aliyeumizwa.

Katika Operesheni Anvil, yaani msako wa kijeshi wa Waingereza dhidi ya Mau Mau ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, mitaa ya Eastlands kama Bahati ilizingirwa, wanaume wakapakiwa malorini hadi kambi ya mchujo ya Lang'ata, na wanawake wengi wakafukuzwa jijini pamoja na watoto wao. Katika vita hivyo kulikuwa pia na wanawake waliowapelekea wapiganaji chakula, habari na risasi. Ikiwa mmoja wao alipigwa na mpiganaji aliyemlisha, kumnyamazisha kwa heshima ya shujaa ni kumpora vita alivyopigana yeye mwenyewe. Kasoro ya faragha ya shujaa, kama ulevi usiomdhuru mwingine, kwa kweli, inaweza kuachwa bila kuulizwa; kipigo hakiwezi.

Wala kumbukumbu haivunjiki kwa kubeba ukweli mzito: mtaa wa Mbotela jijini Nairobi ungali na jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU (Kenya African Union) aliyeipinga Mau Mau na kuuawa mwaka 1952.