Msinipeleke Tena Gangilonga Kutazama Nyota

Najua nimepotea. Chuo kimefunguliwa, foleni za usajili, kugombania chumba, bumu halijaingia, basi hata hamu ya kuandika sina. Ila leo nimekaa kitandani na hasira zangu, na nimeona bora nizimalizie hapa kuliko kummalizia rumeti wangu ambaye hana kosa.

Kisa chenyewe ni hivi. Jana kwenye kundi la darasa letu mtu kauliza, jamani, wapi hapa Iringa panafaa kwenda kutazama nyota usiku? Swali zuri kabisa. Majibu yakamiminika, na karibu yote ni neno moja: Gangilonga. Wengine wakasema nenda hifadhi ya Ruaha ulale huko. Na mjuaji mmoja akaandika, "nyota ziko popote, inua kichwa tu." Mimi nikasema Gangilonga hapafai. Mbona nilikoma! Eti najifanya mwanasayansi. Haya, kule walininyima nafasi, hapa ni kwangu.

Gangilonga ni pazuri, sikatai. Kwa wageni: ni jiwe kubwa linaloutazama mji wetu, jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wenyeji wana masimulizi yao kuhusu Mtwa Mkwawa na jiwe hilo. Nenda saa kumi na moja jioni, kaa pale juu na mahindi yako ya kuchoma, jua lizame, piga picha, furahi. Lakini kinachopafanya pazuri jioni ndicho kinachopaharibu usiku. Mji wote uko chini ya miguu yako na taa zake zote. Unakaa juu ya kibatari halafu unatafuta vimulimuli!

Na siongei kwa kusikia. Mwezi wa tano tulikwenda watu watano, wasichana watatu na wavulana wawili, usiku usio na mbalamwezi. Nina kipimo changu cha kienyeji na ninawaachia bure. Tafuta Msalaba wa Kusini, ambao miezi hiyo ya tano na ya sita huwa juu vizuri mapema usiku. Una nyota nne zinazojionyesha zenyewe, na ya tano ndogo imejificha pembeni. Ukiiona ya tano bila kukodoa, hapo mahali panaanza kufaa. Ukiona na lile doa jeusi kama moshi ubavuni mwa Msalaba, usiondoke, tandika mkeka. Pale Gangilonga tulihesabu nne. Ya tano tulibishana robo saa. Njia Nyeupe ilionekana kama ubao uliofutwa kwa mkono.

Kisha ikaja kushuka. Vijana wawili wakaanza kutufuata nyuma, tochi zao zimezimwa, hawaongei. Labda walikuwa wanakwenda kwao tu, sijui. Ninachojua ni kwamba wavulana wetu wawili ndio waliotangulia kukimbia. Mahali ambapo unatoka mbio umeshika viatu mkononi, mimi siwezi kumwelekeza mtu kwenda.

Kuna hili wazo kwamba ukipanda juu unazisogelea nyota. Jamani, sisi ni wasomi! Nyota iliyo karibu kuliko zote ukiacha Jua, mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka 4 mpaka ufike hapa. Vile vimita unavyopanda kwenye jiwe vinapunguza nini? Iringa yenyewe tayari iko mlimani, imeshapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kimo tunacho. Tusichokuwa nacho ni giza, na giza halipatikani kwa kupanda bali kwa kuupa mji mgongo.

Ruaha nisiseme sana. Giza lipo, tena la kutisha. Lakini ni zaidi ya kilomita 100 za barabara, kiingilio, usafiri, malazi. Unamwambia mwanafunzi wa bumu akatazame nyota kwa bei ya mtalii? Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba tumeshakubali anga ni kitu cha wageni, kama simba.

Na wewe wa "inua kichwa", umesema kweli nusu. Mwezi unauona popote, Zuhura popote, Mshtarii popote. Kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025, ambapo kati ya saa 2:30 na karibu saa 4 usiku mwezi wote ulikuwa umezama kwenye kivuli cha Dunia, ungeweza kukuona ukiwa stendi unagombania kiti. Lakini Njia Nyeupe haionekani stendi. Wala yale mawingu mawili ya Magellan, ambayo ni mikusanyiko ya nyota nje kabisa ya huu wetu, na kwetu hukaa chini upande wa kusini. Haionekani hata hapa chuoni, na hapa ndipo hasira zangu zilipo.

Chuo chetu (jina nalihifadhi, bado nataka kuhitimu) kimefunga mataa makubwa uwanjani. Yanawaka usiku kucha, nusu ya mwanga unakwenda mbinguni. Ukiuliza unaambiwa ni usalama. Usalama wa nani? Popo? Kile kinjia cha nyuma ya hosteli yetu ya wasichana, kutoka maktaba, hakina hata taa moja. Taa ya usalama inafunikwa kichwa na kuelekezwa chini, pale mtu anapoweka mguu. Sijaomba tuishi gizani. Naomba taa zitazame chini, basi. Nakumbuka ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, nilikuwa bado kidato cha sita, wenzangu wanapiga mayowe mabwenini na mimi natoka nje na shuka langu. Ni aibu kwamba masomo yangu bora ya anga niliyapata kwa hisani ya kukatika kwa umeme.

Sasa niwaambie nilipopaona mimi.

Julai nilikuwa BTP kwenye shule moja ya kata, upande wa barabara ya Mbeya, kuipita kidogo njia panda ya kwenda Isimila. Mnazijua shule hizi. Nyingi zilijengwa baada ya 2004, kwenye mashamba yaliyokuwa wazi, mbali na nyumba za watu. Tunazisema kwa hilo kila siku: mbali, upepo, vumbi, watoto wanatembea. Yote kweli. Lakini usiku wa kwanza nilitoka kwenda chooni, nikainua macho, nikasahau choo. Ya tano ipo. Doa jeusi lipo. Nge amelala juu kabisa ya kichwa na mkia wake wote, na Njia Nyeupe imepita hapo kama unga uliomwagika. Mwanga wa mji ulikuwa kaukungu tu upande wa kaskazini, nyuma ya mgongo wangu, na kusini hakuna kitu mpaka upeo wa macho.

Na uwanja wa mpira! Tambarare, hauna mti, nyumba ya mwalimu iko hatua hamsini, babu mlinzi yupo na mbwa wake, choo kipo, maji yapo. Nikasema, wakati sisi tunauliza chimbo liko wapi, serikali ilishatujengea moja kila kata.

Nikamwendea mkuu wa shule. "Shikamoo mkuu, naomba niwatoe wasichana wa hosteli saa moja usiku." Akanitazama. "Mwalimu, nyota ziko kwenye mtihani?" Nikamjibu kwamba kwenye muhtasari wa Fizikia niliousoma mimi, kidato cha nne kulikuwa na mada nzima ya astronomia, na Jiografia kidato cha kwanza tulianza na mfumo wa jua. Akakubali kwa masharti: matroni awepo, na nimtaarifu mwenyekiti wa kitongoji ili watu wakiona kundi usiku wasifikiri vingine. Masharti ya busara kabisa, wala sikuyapinga. Watu wanapoishi, usiku ni wa kuombewa ruhusa.

Tukatoka na mablanketi, maana baridi ya Iringa ya Julai mnaijua. Tochi niliifunga kanga nyekundu, kwa sababu jicho linahitaji kama nusu saa kulizoea giza na mwanga mweupe unakurudisha mwanzo. Nikawaonyesha Msalaba, nikawaonyesha namna ya kuurefusha mara nne na nusu hivi kuelekea mguu wake kupata kusini. Nikajiona mwalimu kwelikweli. Halafu binti mmoja, mkimya sana darasani, akauliza, "Madam, na ile nyota ya kaskazini uliyotuandikia asubuhi iko wapi?"

Mwe! Ni kweli niliandika ubaoni, kama nilivyoandikiwa mimi, kwamba usiku mtu hujua kaskazini kwa nyota ya Kaskazini. Nikageuka, nikaona ule mwanga wa mji, nikasema kwa sauti ya uhakika, "Taa za Iringa zimeificha." Wakaamini. Niliporudi chumbani ndipo nikapiga hesabu: nyota ile iko karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, na sisi tuko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Haifichwi na taa. Iko chini ya upeo, haichomozi Iringa hata siku moja, mji uwe na taa au usiwe nazo. Kesho yake nilisimama darasani nikakiri. Lakini fikirini ni walimu wangapi wameiandika hiyo ubaoni, mchana, na hakuna mtoto aliyepelekwa nje kuuliza iko wapi.

Mnaosema haina umuhimu, mimi tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa shule ya msingi. Jua lilipatwa likabaki pete pale Rujewa, Mbarali, watu wakasafiri kutoka mbali kuja kuliona. Sisi shuleni kwetu tulifungiwa darasani, madirisha yakazibwa na magunia, eti tutapofuka. Nilikiona kivuli tu, kwenye tundu la gunia. Kulitazama jua bila kinga ni hatari kweli, lakini dawa yake ni kumpa mtoto kinga, au hata kumwonyesha kivuli cha jua kwenye karatasi kupitia katundu. Waliotufungia hawakuwa wabaya. Hawakuwahi kutolewa nje na wao.

Na la mwisho, nalisema kwa wale wavulana wa kwenye kundi. Ninyi mkitoka usiku ni utafiti. Mimi nikitoka, geti limefungwa saa nne na matroni ananiuliza bwana'ngu anaitwa nani. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mahali pazuri ni penye giza kuliko pote, najua huyo hajawahi kuwa msichana. Pazuri ni penye giza na penye watu wanaojua jina lako.

Mkuu wa ile shule amesema tuje tukiwa thelathini, mradi tuwe na barua ya chuo. Barua nimeiandika, nimeipeleka ofisini, leo ni siku ya kumi na tisa. Kilimia tayari kinachomoza mapema usiku, na mvua zikikolea ndiyo basi mpaka mwezi wa tano. Kesho saa mbili asubuhi naenda kukaa pale kwenye benchi la nje mpaka mtu aisaini. Nani anakuja tukae wote?