Fidia ya Ajali si Hisani

Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018 juu ya Mto Kilombero, magari ya Ifakara hufika Lupiro bila kungoja kivuko, yakaendelea Mahenge au Malinyi. Pamoja na neema hiyo, ajali nazo zipo. Mara nyingi aliyegongwa hupewa na mwenye gari fedha kidogo za dawa, na shauri likaishia hapo.

Huko ni kudhulumiwa. Sheria humlazimu kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine wanaoweza kudhurika. Kwa hiyo fidia si hisani ya dereva. Ni haki iliyokwisha kulipiwa. Lakini haki hiyo haimfuati majeruhi kitandani. Hudaiwa kwa namba ya gari, jina la kampuni ya bima, taarifa ya polisi, fomu ya PF3 na stakabadhi za matibabu. Tena kufungua shauri mahakamani kuna ukomo wa miaka 3.

Mkulima asiyeijua njia hiyo amtazamie nani, kama si mwalimu na mtumishi wa Serikali walio jirani naye? Kumwandikia barua ya madai, na kumwonya asitie dole gumba katika hati asiyoielewa, nao ni utumishi wa umma.