Lete Ile Iliyokushinda
Kila Jumamosi jioni, sisi maseremala wa kujifurahisha hukutana uani kuonyeshana kazi za wiki. Juzi nilipeleka stuli ya mkaratusi. Ilicheza. Mzee mmoja, seremala mstaafu, hata miguu hakuitazama; aligonga ubao kwa kidole, akauliza niliununua lini. Wiki iliyopita, nikajibu. Akacheka: “Mwanangu, hii mbichi.” Ubao ukikauka hupungua upana na unene, urefu haubadiliki sana, kwa hiyo ulimi wa mguu uliobana leo utalegea tunduni mwezi ujao, na gundi haitauokoa. Picha nilizoipiga stuli hiyo kwa simu zilificha hayo yote (nilipiga upande mzuri tu). Basi ukija Jumamosi, ile meza yenye vanishi iache nyumbani. Lete iliyokushinda.